Seva ya mtumba, vijikompyuta viwili au mashine ya kuunda mwenyewe: kipi kikae ofisini?

Boksi likishushwa Kariakoo, mtu anayependa vifaa na mtu anayelipwa kuvitunza hawalitazami kwa jicho moja. Wa kwanza anauliza lina kori (viini vya prosesa) ngapi na RAM kiasi gani. Wa pili anazunguka nyuma, anahesabu matundu ya mtandao, anavuta pawa saplai aone kama inatoka bila bisibisi, kisha anauliza swali linalomkera muuzaji: "Hii ikifa, ya pili ipo?"

Wanaoniomba ushauri siku hizi wengi wanatoka upande wa kwanza. Ni vijana waliokulia kwenye kuunda kompyuta za gemu. Pesti ya prosesa wanaipaka hata gizani. Sasa wamepata kazi ya TEHAMA kwenye shule, zahanati au SACCOS, na mkuu wao kawaambia watafute seva. Ujuzi wanao, tena mwingi. Kinachowapotosha ni mizani: wanapima seva kama walivyopima mashine ya gemu, na seva hupimwa kwa siku yake mbaya.

Tuchukue ofisi ya watu kumi na wawili hivi. Wana programu ya uhasibu, mafaili ya pamoja, kamera nne, na ruta ya MikroTik ambayo fundi aliyetangulia aliifunga akaondoka na nywila. Wanataka mashine itakayoendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu ndani ya kompyuta moja, tatu au nne, ichukue nakala za akiba usiku, na asubuhi iwe hai. Programu ya kuendeshea mashine pepe tuseme ni Proxmox. Haina ada ya lazima, na tangu kampuni ya Broadcom ilipokamilisha kuinunua VMware, mtengenezaji wa programu ya kulipia ya kazi hiyohiyo, mwezi Novemba 2023 na kufuta leseni za kulipia mara moja, ofisi ndogo imebaki na sababu chache za kung'ang'ania kule.

Kuna atakayesema kila kitu kiende kwenye wingu, yaani seva za kukodi kwenye intaneti. Jibu langu lina tarehe: 12 Mei 2024. Siku hiyo nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na Tanzania ikakaa siku kadhaa na intaneti ya kubahatisha. Aliyekuwa na mafaili yake ndani ya ofisi aliendelea kuyafungua. Nakala moja ya akiba iende wingu, naafiki. Kazi yote ya kila siku, hapana.

Wanaoshindana

Wa kwanza ni seva ya raki ya mtumba, ile bapa ya kupangwa kwenye fremu ya chuma, hasa Dell PowerEdge R720 au HP ProLiant DL380p Gen8. Zote ni za mwaka 2012, zina nafasi ya prosesa mbili za Xeon, zile za Intel za seva, na matundu 24 ya RAM. Zilitoka kwenye vyumba vya seva huko nje, zikapita mikono kadhaa, na sasa unazikuta dukani zimefungwa plastiki zikinadiwa kwa maneno "GB 128, kori 16".

Wa pili ni vile vijikompyuta vya ofisini vya ukubwa wa kitabu kinene: Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini, Lenovo ThinkCentre Tiny. Sentimita kama 18 kwa 18, unene wa tatu na nusu. Nazungumzia vya kizazi cha nane cha Intel, vya mwaka 2018 kuendelea, vyenye prosesa kama i5-8500T: kori sita, wati 35. Chukua hivyo, usirudi nyuma. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa za kizazi cha sita, wala cha saba isipokuwa chache mno. Ndiyo maana vya vizazi hivyo vimejaa sokoni kwa bei ya kushawishi. Kwa Proxmox vinafaa bado, lakini siku ukitaka kukigeuza kiwe kompyuta ya karani utakwama.

Wa tatu ni mashine unayoiunda mwenyewe kwa vipande vya dukani, tuseme prosesa ya AMD, Ryzen 5 5600, kwenye bodi mama yenye tundu lake la AM4. Huyu ndiye kipenzi cha vijana wangu, na ndiye nitakayemsema sana.

Umeme, uliokaribia kunihamisha nyumba

Seva yangu ya kwanza ilikuwa R720. Niliiweka chumbani, Tabata, nyumba ya kupanga yenye luku moja kwa wapangaji watano. Seva hizi zikiwashwa feni hupiga mbio zote kwa muda kabla ya kutulia, na jirani wa ukuta wa pili alidhani nimeleta jenereta. Wiki ya tatu mama mwenye nyumba akanigongea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, una friji mbili humo ndani?"

"Hapana, mama. Ni kompyuta tu."

"Kompyuta gani inamaliza uniti kabla ya Ijumaa?"

Nikamfungulia mlango akaiona, boksi jeusi sakafuni limewasha vitaa vya kijani. Akaangalia kidogo, akasema hiyo si kompyuta, hiyo ni mashine ya kusaga. Mwezi huo nikalipa fungu la watu wawili.

Alikuwa sahihi, na hesabu inamuunga mkono. R720 yenye prosesa mbili na diski chache, ikiwa haina kazi kubwa, hula kama wati 130. Mteja wa T1, kundi la kawaida la TANESCO, analipa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, ambazo zinaifikisha kama 356, ndiyo maana shilingi elfu moja inakupa uniti 2.8. Nimezipanga hapa kwa siku 30, mashine ikiwaka usiku na mchana. Wati ni makadirio yangu ya mashine iliyotulia. Zikipewa kazi zitapanda.

| Mashine | Wati | Uniti kwa mwezi | Shilingi kwa mwezi |
|---|---|---|---|
| R720 | 130 | 94 | kama 33,300 |
| Ya kuunda, Ryzen 5600 na kadi ndogo ya picha | 45 | 32 | kama 11,500 |
| Kijikompyuta kimoja | 15 | 11 | kama 3,850 |
| Vijikompyuta viwili | 30 | 22 | kama 7,700 |

Tazama mstari wa R720 tena. Kwa mtu wa nyumbani aliye kwenye kundi la D1, lile la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, seva hiyo peke yake inamtoa kwenye kundi kabla hajawasha taa. Bei nafuu ya kununua R720 ni kama mbuzi wa bure ambaye majani yake unayanunua kila siku.

Kisha kuna UPS, betri inayoshika umeme ukikatika. Zile za kawaida za VA 650 hutoa kama wati 390 na ndani zina betri moja ya volti 12, ampea-saa 7. Hiyo ni wati-saa 84 kwenye karatasi. Kwa hali halisi kata nusu. R720 hapo inapata dakika kama ishirini, na betri ikiwa imechoka, dakika tano. Kijikompyuta kinakaa saa mbili au zaidi, muda wa kutosha fundi kutoka Mbezi kufika mjini. Waliofanya kazi kwenye mgao wa mwishoni mwa 2023 wanajua tofauti ya dakika ishirini na saa mbili. Na kuna jambo ambalo halisemwi dukani: UPS za bei ya chini hutoa wimbi la umeme la ngazi-ngazi, si laini, na baadhi ya pawa saplai za seva hazilipendi. Umeme unakatika, UPS inashika, seva inazima hivyohivyo. Ijaribu kabla ya kulipa. Chomoa UPS ukutani mbele ya muuzaji.

Ukinunua UPS, hakikisha ina tundu la USB la data. Bila hilo seva haiwezi kujua kwamba betri inaisha, haitajizima kwa adabu, na hifadhidata ya uhasibu itakatika katikati ya sentensi.

Kelele, joto, mijusi

Hapa sitakaa. Seva ya raki ilitengenezwa ikae kwenye chumba chenye kiyoyozi ambacho hakuna mtu anayelala wala kupokea simu. Ukiiweka kwenye kona ya mapokezi, wageni watapaza sauti. Ukichomeka kadi isiyo ya kampuni yenyewe, feni zinaweza kupanda na kubaki juu, maana mashine haijui joto la kadi hiyo na inachagua kujihami. Mashine ya kuunda ni tulivu, kijikompyuta hukisikii. Kwa vumbi la Dodoma na hewa ya chumvi ya Tanga, chenye feni moja ndogo ni rahisi kupuliza kila miezi mitatu kuliko chenye feni sita. Mijusi hupenda pawa saplai zenye joto, sijui niseme nini zaidi. Ziba matundu ya raki usiyoyatumia.

Mkono wa mbali

Hapa seva ya mtumba inawaacha wenzake mbali, na sipendi ushauri unaoficha hilo.

Nyuma ya R720 kuna kompyuta ndogo ndani ya kompyuta, inaitwa iDRAC. Kwenye HP inaitwa iLO. Inaishi kwa umeme wake, ina anwani yake ya mtandao. Seva ikiwa imezimwa au imeganda, wewe uko nyumbani, unaingia, unaiwasha, unaona skrini yake tangu BIOS, ile programu inayowaka kabla ya mfumo wenyewe, unaipa faili la kusakinishia kana kwamba umechomeka flashi. Aliyewahi kupanda daladala mbili usiku kwenda kubonyeza kitufe kimoja anajua thamani ya kitu hiki. Kuna masharti lakini. Kwenye iDRAC7 ya R720 skrini ya mbali inahitaji leseni ya Enterprise; kwenye iLO 4 inahitaji leseni ya Advanced. Uliza kabla ya kununua, tena ukiwa umeiwasha, si kwa mdomo wa muuzaji. Matoleo ya zamani ya programu yake ya ndani hutaka Java, na vivinjari vya leo vimeisahau Java, kwa hiyo sasisha kwanza. Na badilisha nywila ya kiwandani: kwenye Dell za enzi hizo mtumiaji ni root, nywila ni calvin, na dunia nzima inajua.

Vijikompyuta vina jibu la nusu. Vile vya daraja la juu vyenye chipu ya Q370, yaani OptiPlex 7060, EliteDesk 800 G4, ThinkCentre M920q, vinaweza kuwa na AMT ya Intel, ambayo nayo hukupa skrini na kitufe cha kuwashia kwa mbali. Ndugu zao wa bei ya chini, OptiPlex 3060 na ThinkCentre M720q, hawana. Kwa macho vinafanana kama mapacha. Ingia BIOS uangalie kama AMT ipo na haijafungwa na mwenye mali wa zamani.

Mashine ya kuunda haina kitu. Unaweza kuongeza kifaa cha nje cha kukupa skrini kwa mbali, kama PiKVM, kinafanya kazi vizuri, lakini ni gharama ambayo kijana aliyepanga bajeti ya prosesa na kadi ya picha hakuiweka.

Diski, na kosa ambalo kila mtu analifanya mara moja

R720 ina nafasi nane za diski kubwa, au nane hadi kumi na sita za ndogo, zinazochomolewa huku mashine inawaka. Diski moja ikifa, taa inageuka rangi, unaivuta, unasukuma mpya, watu hawajui kilichotokea. Hilo ni tamu. Uchungu wake ni huu: diski zinazokuja nazo mara nyingi ni za SAS, ambazo hazichomekeki kwenye kompyuta ya kawaida. Siku seva ikifa na data iko kwenye SAS nyuma ya PERC, kadi ya Dell ya RAID (mpango wa kuunganisha diski kadhaa ili moja ikifa data ibaki), huwezi kuzipeleka kwa fundi wa jirani akazisoma. Unahitaji kadi ya aina ileile. Kwa ofisi ndogo hilo peke yake linatosha kunifanya nisite.

Kijikompyuta kina nafasi moja ya M.2, diski nyembamba inayochomekwa kwenye bodi, na diski moja ya inchi mbili na nusu. EliteDesk 800 G4 ina M.2 mbili. Inatosha kufanya kioo, diski mbili zikibeba kitu kilekile. Haitoshi kwa kamera za miezi mitatu. Zile diski za nje za USB ambazo watu huzining'iniza kando zinafaa kwa nakala za akiba tu. Usiweke juu yake mashine pepe inayofanya kazi.

Mashine ya kuunda inameza diski nyingi bila masharti ya SAS, na hapa ndipo ninapoikubali kwa moyo mweupe. Ila soma jina lote la diski unayonunua. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red, zilizouzwa kwa ajili ya hifadhi za mtandao, zilikuwa za SMR, mtindo ambao nyimbo za data hupandana kama vigae vya paa. Kusoma ni sawa, lakini kuandika tena kwa wingi, hasa RAID inapojijenga upya, kunakuwa kwa kutambaa, na mfumo unaweza kuitupa diski nje ukidhani imekufa. Mchezaji wa gemu hataona tofauti. Mwenye seva ataiona saa nane usiku.

SSD, diski zisizozunguka, nazo zina kipimo ambacho wapenzi wa kasi hawakisomi: TBW, jumla ya data inayoweza kuandikwa kabla dhamana haijaisha. Samsung 870 EVO ya TB 1 imeandikiwa TBW 600. Kwa karani ni maisha mawili. Kwa mashine pepe nne zinazoandika kumbukumbu kila sekunde, fuatilia kila mwezi. Za daraja la kawaida pia hazina kapasita za kulinda data umeme unapokatika ghafla, na kwetu umeme hukatika ghafla.

Kosa lenyewe sasa. Nililifanya mimi, kwenye shule moja ambayo sitaitaja. Niliweka RAID, nikamwambia mkuu wa shule data iko salama, mara mbili. Mwalimu akafuta folda ya matokeo ya kidato cha nne, na RAID ikaifuta mara mbili, kwa uaminifu kabisa. RAID inakulinda na diski iliyokufa. Haikulindi na mkono wa mtu, wala virusi, wala mwizi aliyebeba boksi zima. Nakala tatu, vyombo viwili tofauti, moja nje ya jengo. Mashine yoyote kati ya hizi tatu utakayonunua bila hayo, hujanunua seva.

RAM inayojisahihisha

ECC ni RAM inayogundua biti moja ikigeuka na kuirudisha, na ikigeuka mbili inakuambia. R720 inayo, ni kawaida yake. Vijikompyuta vya i5 havina, basi. Kwenye Ryzen kuna mtego ambao umewakamata watu wengi ninaowafahamu: Ryzen 5 5600 inakubali ECC kwenye bodi nyingi, lakini haina kitengo cha picha ndani yake, hivyo inataka kadi ya picha. Unasema basi nachukua 5600G yenye picha ndani niokoe pesa; hiyo haikubali ECC, mpaka iwe ya jamii ya PRO. Mtego wa pili: RAM ya bei rahisi iliyoandikwa ECC pale dukani huwa ni RDIMM iliyotolewa kwenye seva, na haiwaki kwenye bodi ya AM4. Unatafuta UDIMM, umbo la kompyuta za kawaida.

Je, ofisi ya watu kumi na wawili inaihitaji ECC? Ningependa iwe nayo. Lakini sijawahi kuona data ya ofisi ndogo ikipotea kwa biti iliyogeuka, na nimeona nyingi zikipotea kwa kukosa nakala ya akiba. Pesa ikiwa moja, ipeleke kwenye nakala.

Kuhusu bei ya RAM, tangu mwishoni mwa 2025 imepanda vibaya kwa sababu viwanda vinahudumia kwanza vituo vya akili bandia; Desemba mwaka huo Micron ilitangaza inaachana na Crucial, chapa yake ya watumiaji wa kawaida. Hilo limebadilisha hesabu ya mashine ya kuunda. Kijikompyuta kinachokuja na GB 16 ndani, RAM ikiwa imeshalipiwa na mwenye mali wa kwanza, kimekuwa mali zaidi ya kilivyokuwa mwaka mmoja nyuma. RAM ya R720 ni DDR3, aina ya zamani.

Ikifa

Turudi kwenye swali la kaunta: hii ikifa, ya pili ipo?

R720 ikifa pawa saplai, ina mbili, unachomoa iliyokufa. Ikifa bodi mama, unatafuta R720 nyingine. Dar utaipata, Nairobi pale Luthuli Avenue utaipata, Songea utasubiri basi.

Mashine ya kuunda ikifa pawa saplai, duka lolote la kompyuta Arusha au Mwanza linayo, maana ni ya kipimo cha kawaida. Hiyo ni nguvu yake kubwa. Lakini ikifa kwa sababu isiyoeleweka, fundi wa kuitafuta ni yule aliyeiunda, na huyo huenda ameshaajiriwa benki. Nimerithi mashine za namna hiyo. Haina karatasi, prosesa imeongezwa kasi kwenye BIOS, taa zinabadilika rangi kama harusi, na hakuna anayejua kwa nini diski ya tatu haijachomekwa.

Kijikompyuta kikifa bodi, hakitengenezeki, vipande vyake havifanani na vya mtu mwingine. Ila hukitengenezi. Unatoa diski, unaiweka kwenye pacha wake, unawasha. Dakika kumi. Ndiyo maana nimesema viwili tangu kichwa cha habari: kimoja kinafanya kazi, cha pili kinapokea nakala kila usiku na kinaweza kuwasha mashine pepe hizo asubuhi. Viwili vinakula umeme chini ya robo ya R720 moja.

Angalizo kwa wanaojua Proxmox nusu: usiviunganishe vikawa klasta, kundi linaloamua kwa kura, ya viwili bila mpiga kura wa tatu. Kimoja kikifa, kilichobaki kinakosa akidi na kinakataa kuwasha mashine pepe mpya, yaani umejenga kitu kinachofeli kwa pamoja. Ama uongeze kidude kama Raspberry Pi kwa ajili ya kura tu, ama viache vikae mbalimbali na nakala za usiku. Mimi huviacha mbalimbali. Kinachoeleweka na mtu atakayekuja baada yangu ni bora.

Basi nani achukue nini

Ofisi niliyoieleza, bila kusita: vijikompyuta viwili vya Q370 vinavyofanana, RAM GB 32 kila kimoja, diski mbili kila kimoja, UPS yenye USB, na diski ya nje inayokwenda nyumbani kwa mkurugenzi kila Ijumaa.

Ofisi yenye kamera kumi na sita, studio ya picha, au kazi inayotaka kadi ya picha: mashine ya kuunda, kwa sharti kwamba huongezi kasi yoyote, unaandika kila kipande kwenye karatasi na kuibandika ndani ya kifuniko, na unamwonyesha mtu wa pili jinsi ya kuifungua.

Anayejifunza ili aajiriwe benki au kwenye kampuni ya simu: nunua R720, sitakuzuia. Hakuna video itakayokufundisha kuvuta diski kwenye RAID inayofanya kazi huku moyo unadunda. Iwashe Jumamosi, jifunze iDRAC, ivunje, ijenge, izime Jumapili jioni. Ukiwa umepanga, ongea na mwenye nyumba kabla, usingoje agonge.

Kuna pia seva za mnara, kama Dell PowerEdge T130 au HP ML30: tulivu, zina ECC, zinameza diski nne za kawaida, na umeme wake ni wa kati. Ukiikuta moja safi, sahau nusu ya niliyoyasema juu na uinunue. Tatizo ni kuzikuta. Waliozinunua mpya hawaziachii.

Vyovyote utakavyochagua, nenda dukani na flashi yenye Linux inayowaka moja kwa moja. Soma saa za diski na sekta zilizohamishwa (sehemu zilizoharibika) kwa SMART, ripoti ya afya ambayo diski huitunza yenyewe. Hakikisha BIOS haina nywila ya kampuni ya zamani. Ukitaka kutumia Windows, anza kuisakinisha palepale ikiwa imeunganishwa na intaneti: ikikukaribisha kwa jina la kampuni usiyoijua na kutaka barua pepe ya kazini, mashine hiyo bado imesajiliwa kwa wenyewe, iache. Diski ikikutwa na mafaili ya watu, usiyachungulie, futa yote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi Tanzania tangu Mei 2023, na siku ofisi yako itakapouza mashine hizi nawe utataka zifutwe hivyohivyo.

Pawa ya nje ya kijikompyuta usiisahau kaunta. Za Lenovo zina kichwa cha mstatili, za Dell na HP ni za duara, na hiyo ndiyo inayokosekana kwenye boksi mara nyingi kuliko kitu kingine chochote.